Zawadi za Mahafali: Kipimo Kiwekwe Wazi



Kila mwaka Septemba ikiingia, barua za mwaliko wa mahafali ya kidato cha nne huanza kutufikia, tangu Hedaru na Makanya hadi Gonja na Ndungu, na huko juu Mamba, Chome na Mbaga. Tunakwenda, tena tunakwenda kwa furaha. Risala inasomwa, kwaya inaimba, mgeni rasmi anaahidi mabati, kisha mwalimu wa taaluma anashika karatasi na kuita majina: wa kwanza kitaaluma, wa pili, wa tatu, bora katika hisabati, bora katika nidhamu. Vigelegele vinapigwa. Hakuna anayeuliza karatasi ile iliandikwaje. Sisi tunauliza.

Mahafali hufanyika kabla ya mtihani wa taifa, ambao huja Novemba. Heshima inayotolewa siku ile, basi, haiwezi kutoka katika mtihani huo. Inatoka katika alama za shule yenyewe. Alama zipi? Za mtihani wa moko? Za mihula yote ya miaka 4? Au za upimaji wa kidato cha pili? Katika mahafali mojawapo tuliyohudhuria, katika shule ambayo hatutaitaja, tuliuliza swali hilo kwa adabu. Walimu watatu walitupa majibu matatu, kila mmoja akiwa na hakika na lake.

Msidhani kwamba jambo hili ni dogo. Katika kidato cha nne Baraza la Mitihani huhesabu pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Alama 75 hadi 100 ni A, yaani pointi 1. Alama 65 hadi 74 ni B, yaani pointi 2. Tuseme mtoto amepata 75 katika kila somo kati ya hayo saba: ana pointi 7. Mwenzake amepata 74 katika kila somo: ana pointi 14. Wametofautiana kwa alama moja tu katika kila somo, lakini kwa pointi mmoja ameonekana bora maradufu. Sasa mleteni wa tatu, aliyepata 98 katika yote saba. Huyu naye ana pointi 7, sawasawa na yule wa 75. Shule ikihesabu wastani wa masomo yote badala ya pointi, mambo yanageuka tena, na pengine anayeumia ni yule aliyejitwika fizikia na kemia juu ya masomo mengine. Alama ni zile zile na watoto ni wale wale, lakini kila hesabu ina mshindi wake. Anayechagua hesabu ndiye anayechagua mshindi. Na akiichagua baada ya kuona majina, hapo hatuna budi kuliita jambo hilo kwa jina lake, nalo ni upendeleo.

Tunaambiwa kwamba zawadi yenyewe ni beseni na madaftari, tusikuze mambo. La hasha! Beseni litapasuka, lakini cheti kitabaki. Nasi tukiri kosa letu wenyewe: kamati zetu za parokia, zinapogawa msaada wa ada kwa wanaokwenda vyuoni, hutazama vyeti vya mahafali kana kwamba vimetoka kwa hakimu. Tumekwisha kumwacha binti wa kijiji cha mlimani kwa sababu jina lake halikuitwa siku ile. Baadaye tukaambiwa kwamba mchango wake wa mahafali ulikuwa haujakamilika, ndiyo maana liliondolewa. Mchango wa soda na turubai una uhusiano gani na alama za biolojia?

Kuhusu zawadi ya nidhamu tusichelewe. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani. Shule inayompokea kwa mlango wa mbele na kumfuta katika orodha ya heshima kwa mlango wa nyuma haijampokea.

Wazee wetu walilijua jambo hili kuliko sisi. Wakati wa mkoloni iliwekwa kodi iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa mali yake, mmoja zaidi na mwingine pungufu. Mnamo 1945 watu wa milimani waliteremka kwa maelfu hadi Same na kupiga kambi hapo. Hawakuwa wamekataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa kwa kipimo wasichokielewa, na hatimaye kodi hiyo ikafutwa. Wajukuu wa watu hao leo wanapiga makofi mbele ya karatasi wasiyoijua.

Wapo wanaosema dawa ni kuziondoa zawadi zote. Wanataja mfano wa Baraza la Mitihani, ambalo mwezi Januari 2023, likitangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, likieleza kwamba utaratibu huo hauna tija na ni kuzitangaza shule bure. Kwa taifa zima tunakubali: mtoto anayeshuka mlima alfajiri na kuupanda jioni bila taa ya kusomea hawezi kushindanishwa na aliye bwenini mjini. Lakini shuleni kwake mtoto huyo anajulikana. Mwalimu anaweza kuona alikoanzia na alikofika. Nyerere alilalamika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba mitihani hupima uwezo wa kukariri na kuacha tabia na moyo wa kutumikia. Na tangu 1976 kazi za darasani zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Kwa hiyo sisi hatutaki zawadi zifutwe. Tunataka zitokane na kazi ya miaka yote minne, na anayepanda kutoka nafasi ya 60 hadi ya 12 naye aitwe mbele.

Walimu wetu wana kazi nyingi na mishahara haiwatoshi, hatuwaombi vitabu. Tunaomba ukurasa mmoja, ubandikwe ubaoni Januari, wanafunzi wakiwa ndio wanaingia kidato cha nne: alama zipi zitahesabiwa, kwa njia gani, nani wataketi kuamua, na mwanafunzi asiyeridhika amwone nani.

Wajumbe wetu wa vigango watauomba ukurasa huo katika kila shule inayotualika. Tumewasihi pia maparoko na wenyeviti wa halmashauri za walei kwamba, pale usipopatikana, waende wakasali na wahitimu, wale pilau pamoja nao, lakini wasisimame kukabidhi vyeti vya taaluma.