Anayeilea Seva Ndiye Mwenye Seva

Tuna desturi ya kuyapima mambo kwa majina yake. Likitajwa neno "gemu", mzazi hukunja uso, mhadhiri hulalamika kuwa vijana wanapoteza muda, na ofisa wa serikali hulihesabu jambo hilo kuwa chini ya hadhi ya meza yake. Leo nataka kudai kinyume chake. Hapa Kihesa, katika mitaa iliyojaa wanafunzi wa vyuo vya Iringa, vijana wanaoendesha seva za michezo ya mtandaoni wanafanya kazi ambayo ofisi nyingi za umma bado zinaifanya kwa kusuasua: kutunza mali ya pamoja isiyoonekana kwa macho.

Tuitazame kazi yenyewe. Seva ni kompyuta isiyolala. Wachezaji wa Minecraft, kwa mfano, huweza kujenga mji wao katika seva moja, na kila tofali waliloliweka kwa miezi kadhaa limo katika diski hiyo. Kundi huchangishana ili kulipia kodi ya kila mwezi. Wanachama wakiongezeka, kumbukumbu ya seva haitoshi, mchezo unaanza kukwama, na hapo lazima waamue: waongeze mchango, wazuie wageni, au wahamie seva kubwa zaidi? Wakiamua kuhama, msimamizi hutangaza siku na saa ya kuzima, hunakili kila kitu, huijaribu nakala hiyo, na ndipo huifunga seva ya zamani. Atakayeruka hatua moja ataulizwa na kundi zima usiku uleule. Bajeti, ukarabati na uwajibikaji vyote vimo humo.

Swali la pili ni la kisiasa zaidi: seva hiyo iko wapi? Mwanga husafiri ndani ya mkongo kwa takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Maana yake, kila kilomita 1,000 za umbali huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam, kilomita kama 500, ni milisekunde tano tu. Hadi Ulaya, kwa njia ya bahari, ni zaidi ya kilomita 8,000, yaani milisekunde 80 kabla kompyuta yoyote haijafanya kazi yake. Hivyo vijana wawili wa Kihesa waliotenganishwa na ukuta mmoja hukutana Ulaya ili wacheze pamoja. Wenzao wa Afrika Kusini wamepunguziwa safari hiyo: Microsoft ilifungua vituo vyake vya data huko mwaka 2019, na Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020.

Gharama ya umbali huo tuliiona tarehe 12 Mei 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ilidorora nchi nzima. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaopita katika nyanda zetu hizi, haukuwa umekatika. Kituo cha watoa huduma kubadilishana intaneti kipo Dar es Salaam, na kituo cha taifa cha kuhifadhi data kipo Kijitonyama. Barabara ya ndani ilikuwa nzima. Tulichokosa ni kitu cha kukifuata mwisho wa barabara hiyo.

Hata hivyo, kuwa na jengo si kuwa na matunzo. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Seva 25 za mchezo wa Rust ziliungua, na data za wachezaji hazikurudi tena. Wengi walicheka: ni mchezo tu. Tarehe 26 Septemba 2025 moto mwingine ukawaka Daejeon, Korea Kusini, katika kituo cha data cha serikali. Hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma, terabaiti 858, iliteketea bila nakala rudufu nje ya kituo hicho. Hiyo ni nchi ambayo dunia nzima huisifu kwa teknolojia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na data iliyoungua haina hata ukuta wa kujengwa upya.

Sasa tujitazame. Ni nani kati yetu hajaambiwa dirishani "mtandao uko chini, njoo kesho"? Hakuna tangazo, hakuna sababu, hakuna saa ya kurejea. Msimamizi wa seva ya mchezo hathubutu kutoa jibu hilo, kwa kuwa wanachama wake watahama kesho yake. Mwananchi hana pa kuhamia. Hakuna ofisi ya pili ya kumpa cheti cha kuzaliwa. Pale ambapo mtu hawezi kuondoka, kanuni ndiyo inayopaswa kumlinda.

Mwanaharakati ataniuliza: ukizileta seva nyumbani, je, hujamkabidhi mwenye nguvu ufunguo? Swali hilo ni la haki. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini. Lakini siku ile seva ya ng'ambo haikumwokoa mtu, kwa kuwa kilichofungwa ni njia ya kuifikia. Umbali si kinga. Kinga ni sheria inayomlazimisha anayezima aeleze sababu mbele ya mahakama.

Siiombi Hazina inunue magemu wakati zahanati hazina dawa. Ninaomba mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Kwanza, vyuo vyetu viwape wanafunzi nafasi na umeme wa kuendesha seva zao wenyewe chini ya uangalizi, kama vile vinavyowapa wa kilimo shamba la mazoezi. Pili, bajeti ya kila mfumo wa umma itenge fungu la matunzo, tofauti na fungu la ununuzi, kwa kuwa kununua hupigwa picha na kutunza hakupigwi. Tatu, kila mfumo unaozimika utangaziwe saa, sababu na muda wa kurejea.

Na wewe ofisa wa TEHAMA unayesoma haya, usisubiri waraka. Kesho asubuhi uliza ofisini kwako: nakala rudufu ya mwisho ilijaribiwa lini, na nani aliiona ikifanya kazi? Kijana wa Kihesa anayetunza mji wa kufikirika analo jibu la swali hilo. Wewe unatunza hati za ardhi na vyeti vya watu halisi.