Ipeni Injini Upepo Wake

Ndugu Wakulima,

Ikiwa kikundi chenu kimechanga fedha kikanunua jenereta ya kufungwa nyuma ya pikapu, ili izunguke toka shamba hadi shamba ikikamua ng'ombe, ikikata majani ya mifugo na kuchomelea malango, mmefanya jambo jema sana. Lakini ninalo neno moja kwenu, tena naomba mlisome kabla ya kumlipa fundi wa bodi.

Neno lenyewe ni hili: msiifungie injini ndani ya sanduku la bati.

Najua sababu ya kutaka sanduku. Mvua yetu ya milimani haina huruma, na mwizi naye halali. Kikundi kimoja ninachokijua kilitengenezewa sanduku zuri, lenye rangi na kufuli mbili, na matundu machache madogo ubavuni. Miezi michache baadaye injini ilikwama ikifanya kazi. Akiba ya maziwa ya watu wengi ilipotea, na wenyewe wakabaki kulaumiana. Wengine walisema ni mafuta mabaya. Fundi alipoifungua alisema ni joto.

Mimi ni karani wala si fundi, lakini nilisomea ualimu, na hesabu hii ni nyepesi. Katika injini ndogo ya petroli, kwa kila lita 4 za mafuta, kadiri ya lita 1 tu ndiyo hutufanyia kazi. Lita 3 hugeuka joto. Sehemu ya joto hilo hutoka kwa bomba la moshi, na sehemu kubwa ya lililobaki lazima lichukuliwe na upepo. Ndiyo maana injini ina feni, na ina vyuma vyembamba kama meno ya kitana ambapo upepo hupita. Je, utamfunika mtu blanketi gubigubi kisha umwambie alime?

Tena sisi wa nyanda za juu tuna shida zaidi. Hewa ya huku ni nyembamba. Injini isiyo na tabo hupoteza yapata sehemu 3 katika 100 za nguvu zake kwa kila mita 300 tunazopanda. Basi Kinangop au Ol Kalou, ambako ni juu ya mita 2,000, hupoteza sehemu 1 katika 5, hata zaidi. Na hewa nyembamba hubeba joto kidogo. Msidanganywe na baridi ya asubuhi.

Haitoshi kutoboa matundu. Upepo unahitaji njia mbili: mlango wa kuingilia ulio baridi, na mlango wa kutokea ulio mbali na ule wa kwanza. Milango hiyo ikikaribiana, au ukuta ukiwa karibu mno, hewa moto huzunguka na kuvutwa tena ndani, na injini hupumua joto lake yenyewe. Kama injini yenu ni ya radieta, tundu la mbele yake lisiwe dogo kuliko radieta.

Kwa maoni yangu, paa la bati lililoinuliwa, na pande zote wavu wa chuma wenye mnyororo na kufuli, hushinda sanduku lolote. Mvua ikipigwa na upepo, shusheni turubai wakati injini imezimwa na imepoa, si wakati inafanya kazi.

Kamati isilipe fedha ya mwisho mpaka jaribio hili lifanyike. Fungeni milango yote kama siku ya kazi. Washeni injini, mpeni mzigo wake wote kwa nusu saa. Kisha shikeni utepe mwembamba wa karatasi penye mlango wa kuingilia: unapasa kuvutwa ndani. Penye mlango wa kutokea unapasa kusukumwa nje. Mwisho wekeni kipimajoto kivulini, mbali na gari, kisha mkiweke penye mlango wa kuingilia. Tofauti ikiwa digrii chache, pokeeni kazi. Ikifika digrii 10, mwambieni fundi akate bati.

Kila juma mfute vumbi na makapi kwenye vile vyuma vyembamba, injini ikiwa imepoa. Kabla ya kuizima, iacheni izunguke dakika chache bila mzigo. Msijaze petroli injini ikiwa moto.

Nimeliweka la mwisho lililo kubwa kuliko yote. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu kabla hajajua kwamba anaumwa. Bomba la moshi lielekee mbali na dirisha la dereva. Mtu yeyote asipande nyuma chini ya turubai injini ikiwaka. Na msiingize pikapu ndani ya banda la kukamulia eti kwa sababu mvua inanyesha. Isimameni nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumba, na mvute waya mrefu.

Injini iliyokufa hununuliwa nyingine. Mkamuaji aliyekufa bandani hanunuliwi. Basi katika mkutano ujao, mtu akisimama kusema sanduku lililofungwa ndilo la usalama, muulizeni: usalama wa nani?

Wenu,
Karani wa Ofisi ya Kilimo