Cheti ni Kimoja, Njia si Moja

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu liko neno linalotamkwa kwa wepesi mno: "Huyo hakumaliza shule." Hutamkwa juu ya binti aliyejifungua akiwa kidato cha tatu, juu ya kijana aliyeacha masomo kwa umaskini wa nyumbani, hata juu ya mama wa makamo anayebeba daftari jioni. Neno hilo lina dhuluma ndani yake, kwani wanaolisema mara nyingi hawajui utaratibu wa nchi yao wenyewe unasemaje juu ya kumaliza.

Hapa Tanzania Bara, anayetunuku cheti cha kidato cha nne si mkuu wa shule, bali ni Baraza la Mitihani lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Baraza hilo hupokea watahiniwa wa shule, ambao namba zao huanza na herufi S, na watahiniwa wa kujitegemea, ambao zao huanza na P. Asiyepitia kidato cha pili hafungiwi mlango: hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ujulikanao zaidi kama QT, ndipo ajiandikishe kwa mtihani wa kidato cha nne. Aliyeanguka katika baadhi ya masomo naye huruhusiwa kurudia.

Wapo wanaoidharau herufi P kana kwamba ni cheti cha bei nafuu. Ukweli ni kinyume chake. Mwanafunzi wa shule huongezewa alama za maendeleo yake ya darasani. Wa kujitegemea hutegemea mtihani peke yake, na pengine amesomea kwa kibatari baada ya kutoka shamba.

Kwa mabinti, kauli ya mwaka 2017 ilikuwa imewafungia shule waliopata ujauzito. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanaweza kurudi katika shule za kawaida, na waraka uliofuata ukawapa miaka miwili ya kufanya hivyo. Asiyeweza kurudi penye macho ya wenzake anazo njia nyingine: Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina utaratibu wa kusoma sekondari kwa miaka miwili badala ya minne. Lakini nani amemweleza habari hizo huko kigangoni? Mara nyingi alichosikia kutoka kwetu ni kwamba ametengwa na kwaya.

Niseme pia juu ya shule zisizo za serikali, na baadhi ya zile zilizo chini ya Kanisa zisijitoe. Imekuwapo desturi ya kumwondoa mwanafunzi dhaifu kabla ya mtihani, au kumsukuma ajiandikishe kama wa kujitegemea, ili asiharibu wastani wa shule. Tangu Januari 2023 Baraza halitangazi tena shule kumi bora, kisingizio kimepungua. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba kila mtu ana haki ya kuelimishwa isiyoondoleka. Haukusema kila mwenye wastani mzuri. Njia ya P ni ya yule aliyekosa shule. Kuigeuza jalala la kutupia watoto ambao wazazi wao wamelipa ada miaka mitatu ni kuwadhulumu mara mbili.

Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, ila mtahiniwa wa kujitegemea hujilipia mtihani. Parokia inayoweza kuchangia harusi tatu kwa mwezi haishindwi na gharama hiyo. Tunao walimu wastaafu, na ukumbi unaokaa mtupu jioni nyingi za juma. Mtihani hufanyika Novemba, lakini kujiandikisha hufungwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo Halmashauri ya Walei iwaombe viongozi wa jumuiya majina mapema, kwa faragha, na wale wa QT waanze kwanza, maana safari yao ndiyo ndefu zaidi.