Sufuria ya Shule Nayo ni Soko

Leo siongelei kantangaze wala bei ya mbolea. Naongelea chakula cha mchana cha shule, na nina sababu.

Wageni wanaoenda kufundisha Kiingereza shule za Japani hukuta jambo geni: mchana mwalimu anakaa darasani na wanafunzi, wote wanakula chakula kilekile. Watoto wenyewe wanavaa aproni nyeupe, wanagawa wali, supu, samaki, mboga na maziwa, halafu wanasafisha. Sheria ya chakula cha shule wanayo tangu 1954, na shule zinahimizwa kutumia mazao ya wakulima wa jirani. Brazil wao waliandika kabisa kwenye sheria ya 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue kwa wakulima wadogo.

Huku kwetu chakula kinategemea michango ya wazazi, na sufuria mara nyingi ni makande. Lakini hayo makande yanatoka wapi? Mkulima wa Kikwe anamuuzia dalali maharage wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Miezi michache baadaye mzazi wa Kikwe anachangia maharage hayohayo kwa bei ya dukani. Hapo mkulima kapoteza, na mtoto kapunguziwa kipimo.

Tupige hesabu. Tuseme shule ina wanafunzi 400, kila mmoja gramu 100 za mahindi na 50 za maharage. Kwa siku ni kilo 40 za mahindi na kilo 20 za maharage. Kwa siku 194 za masomo, maharage peke yake ni kilo 3,880. Ukivuna kilo 500 kwa ekari, hizo ni karibu ekari 8. Na hiyo ni shule moja tu!

Najua mtasema shule inachelewa kulipa. Ni kweli inatokea. Ndiyo maana nasema msiende mmoja mmoja wala msipeleke mzigo wote. Undeni kikundi, muoneni mwalimu mkuu na kamati ya shule kabla ya kupanda, muandikiane: aina gani, kilo ngapi, bei gani, malipo kila mnapopeleka. Mazao mengine yaendelee kwenda Tengeru.

Ila ubora usiwe wa kubahatisha. Mahindi yakauke vizuri, unyevu usizidi asilimia 13, yaanikwe juu ya turubai, yahifadhiwe kwenye mifuko ya kinga njaa. Sumukuvu haitoki kwa kuchemsha, na wanaokula ni watoto wetu. Na lumbesa hapana. Tupime kwa kilo.

Mboga nazo zina nafasi: mchicha, mnavu na ngogwe vinastawi hapa kwetu, na makande bila mboga hayajakamilika.

Maoni yangu ni kwamba kijana anayelima kibiashara asisubiri sheria kama ya Brazil. Msimu haujaanza, kikao cha kamati ya shule kipo. Kikundi kikiwa tayari, niiteni, twende wote.