Nyigu Hawatolewi kwa Moto

Msimu wa maembe umefika, na nyigu nao wamefika. Na zile fimbo zenye kitambaa kilichochovywa mafuta ya taa tumeshaanza kuziona, watu wanachoma viota. Chini ya makuti, jamani! Hili hatukubaliani nalo hata kidogo. Nyumba nzima iteketee kwa kiota cha ukubwa wa kikombe? Na Mtume (S.A.W.) amekataza kuadhibu kiumbe hai kwa moto. Kumuondoa mdudu anayedhuru hatukukatazwa. Tulichokatazwa ni njia hiyo.

Wala pesa ya dawa ya kupuliza huihitaji. Kiota huanza na jike mmoja na vijumba vichache tu. Kila Ijumaa unapofagia, inua macho: pembe za dari, nyuma ya mbao za dirisha, upenuni. Ukikiona kingali kidogo na mwenyewe katoka, kiangushe kwa mpini wa fagio. Kikishajaa, subiri magharibi watulie, jifunike vizuri, uwapulizie maji yenye sabuni nyingi. Sabuni huwaziba matundu ya kupumulia. Kama ukiumwa huvimba sana au hukosa pumzi, mwachie mwengine.

Chandarua kilichochanika usikitupe, kikate ukigongomee madirishani. Juisi na halua zifunike.

Bibi harusi, wewe kagua mapema chumba utakachopakwa hina. Mwenye hina mbichi mikononi hawezi hata kumfukuza nyigu usoni.