Bei ya Mchina ni kauri

Leo nipo nyumbani Nanyamba na nina kesi.

Juzi pesa ya korosho imeingia. Hata sijaihesabu, mpwa wangu huyo mlangoni. "Shikamoo mjomba. Mwanangu anatoka jandoni, nataka ng'ombe na spika mbili."

"Marahaba. Na ada ya chuo ya mdogo wako?"

"Aa, mjomba, hiyo itapatikana mbele ya safari."

Kijana huyu aliwahi kupiga kibarua kwa Wachina kwenye bomba la gesi la Mtwara hadi Dar, lile lililozinduliwa 2015. Alirudi na daftari la maandishi yao. Nikamwambia, hebu lilete.

Humo kuna alama hii: 貝. Inasomwa "bei"! Haina undugu na bei yetu, sisi tuliipata kwa Waarabu. Maana yake ni kauri, hizihizi tunazookota Msimbati. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita kauri ilikuwa utajiri kwa Wachina. Kaburi la malkia Fu Hao lilipofukuliwa Anyang mwaka 1976, zilikutwa zaidi ya 6,800. Baadaye dola ya Qin ikaziacha, ikatumia sarafu.

Na msiwacheke. Waganda nao walinunulia kauri, na hadi leo pesa wanaiita "ensimbi", yaani simbi, kauri hiyohiyo.

Kauri zikaondoka sokoni, alama ikabaki. Katika maandishi yao ya zamani, kununua, kuuza, mali na ghali, yote yana kauri ndani.

Sasa sikia utamu. Weka "gawa" juu ya kauri, 貧, unapata maskini. Weka "sasa" juu yake, 貪, unapata tamaa. Wataalamu wanasema hiyo "sasa" imewekwa kwa ajili ya sauti tu, lakini mjomba mtu nimeshaokota funzo langu: maneno haya ni kama mapacha. Kalamu ikiteleza kidogo tu, tamaa imekuwa umaskini.

Mpwa akacheka, kisha akanyamaza. Tukakubaliana: ada kwanza, spika moja, na ng'ombe awe mbuzi.

Tatizo ni dada yangu. Mjukuu wake kutolewa kwa mbuzi! Siku ya tatu leo hanisemeshi, na kwake yeye daftari la Mchina si ushahidi.

Tukutane wiki ijayo, kama bado nitakuwa na ndugu.