Makaburi ya Mwanzo ya Masasi na Mpaka wa Mwaka 1863

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda majengo na miundo iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kwa kuwa kijiji cha misheni cha Masasi kilianzishwa mwaka 1876, makaburi yake ya mwanzo yamekosa ulinzi huo kwa miaka 13 tu, labda waziri mwenye dhamana ayatangaze rasmi. Kwa upande mwingine, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 huiruhusu serikali kuyaondoa makaburi pale ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma. Kati ya sheria hizi mbili, makaburi hayo yamo upande dhaifu.

Udhaifu huo unazidishwa na hali ya waliozikwa humo. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza, aliwatoa Unguja watumwa waliokombolewa zaidi ya 50, akikusudia kufika Ziwa Nyasa, lakini msafara ukaweka makazi chini ya milima ya mawe ya Masasi. Wenyeji wa huko, Wayao, Wamakua na Wamakonde, walihesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo kaburi lilikuwa na wenyewe: wapwa walijua mjomba amelala wapi, na Wayao walimwaga mbepesi, yaani unga wa sadaka, chini ya mti wa msolo wakiwaomba wahenga. Aliyetekwa angali mtoto akauzwa pwani hakuwa na mpwa Masasi; ukoo wake ulikuwa kanisa, nalo halikukaa sana. Septemba 1882 Magwangwara, yaani Wangoni wa upande wa Songea, walikivamia kijiji, wakaua na kuteka, na mmisionari Chauncy Maples akahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao, pamoja na baadhi ya walionusurika. Steere mwenyewe, aliyefariki mwezi uliotangulia, amelala nyuma ya altare ya kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, na kaburi lake halihitaji mtetezi.

Wapo wanaoweza kusema kwamba kuyatangaza makaburi ya misheni ni kuipendelea dini moja katika eneo lenye Waislamu wengi, na hoja hiyo ina uzito. Mwanaethnografia Mjerumani Karl Weule, aliyepita huko mwaka 1906, alipiga picha kaburi la mkuu wa Kiyao huko Mwiti, nalo linastahili hadhi ileile. Jibu ni kupanua tangazo, si kuliacha. Hoja ya uhaba wa viwanja ni nyepesi zaidi, maana eneo lenyewe ni dogo. Kinachotakiwa ni halmashauri, dayosisi na wazee wa koo kuweka mipaka kabla ya wapima viwanja kufika, wakisaidiwa na madaftari ya maziko popote yalipohifadhiwa, kwa sababu notisi ya kuhamisha kaburi huwaita ndugu wa marehemu wajitokeze, na ndugu wa watu hawa waliachwa katika vijiji walikotekwa.